Umekula, Bibi?

Endabash, Karatu
Jumapili, 12 Agosti 1984

Bibi,

Shuleni tumefundishwa kwamba barua ya kirafiki huanza kwa kumjulia hali unayemwandikia, kisha unamwambia kuwa wewe ni mzima. Nimekaa na kalamu muda mrefu kwenye mstari huo. Siwezi kukuuliza u hali gani, na mimi si mzima sana. Basi nauruka. Nitakueleza yote, tangu siku uliyorudi kutoka hospitali mpaka jana jioni, na sitaficha hata lile ambalo ningependa usilijue kamwe. Nikificha nusu itakuwa insha, haitakuwa barua.

Nimekaa nyuma ya nyumba, juu ya kile kinu kilichopasuka ulichokuwa ukikalia kuota jua. Mdogo wangu Vero yuko mbele yangu anachambua maharage. Ameng'oka meno mawili ya mbele, na akitamka jina lako linatoka na upepo. Ungecheka mpaka ushike ubavu.

Habari za nyumbani kwanza. Ile mvua iliyokata barabara ndiyo iliyotupatia mahindi. Jana tulisaga debe la kwanza. Meupe, Bibi. Si ule unga wa njano wa duka la ushirika, ambao ulisema ugali wake unafanana na mche wa sabuni na ladha ni hiyo hiyo. Nilisonga mimi. Baba alikuja juzi kutoka Ngorongoro, maana barabara sasa ni kavu na wamewapa vibarua wa barabara mapumziko ya siku nne. Alikula na sisi. Alipomaliza nikaona ameacha kipande upande wa sinia uliokuwa wako. Alipokitambua, akakifunika na bakuli, akatoka nje. Hakuna aliyekila. Asubuhi niliwapa kuku wako.

Fimbo yako ipo nyuma ya mlango. Magongo ya hospitali yalirudishwa.

Sasa niseme nililoahidi.

Unakumbuka siku uliyorudi? Watu walikuja kukutazama kama wanaokwenda kutazama trekta jipya. Ulikuwa umekaa mbele kwenye lori la kahawa, karibu na dereva, mguu umenyooshwa, kichwa juu kama mke wa mkuu wa wilaya. Ile nyonga ya kulia iliyokutesa tangu nikiwa darasa la pili, ambayo miaka yote ya kubeba madebe ya kahawa kwenye mashamba ya watu iliila mpaka mfupa ukawa unasaga mfupa, ilikuwa imekatwa na kutolewa kule hospitali kubwa, na daktari mgeni amekuwekea ya chuma. Mama Hadija, jirani yako wa siku zote, alikatiza shamba mbio, kanga moja begani, akakugonga paja kwa kidole kama mtu anayechagua chungu sokoni.

"Kumbe kweli!" akasema. "Basi mwenzangu ukifa tusikuzike hivi hivi. Tutatoa hicho chuma tufue jembe."

"Jembe alime nani?" ukamjibu. "Wewe? Chuma changu kitaota kutu."

Mlicheka wote wawili mpaka dereva akapiga honi. Mimi nilikuwa nimeshika magongo yako na sikujua kwamba nitakuja kulikumbuka neno lile kila siku.

Usiku ule Baba alinikabidhi bahasha tatu za kaki mbele yako. Yeye alitakiwa kurudi kazini asubuhi, na herufi kwake ni shida, unajua. Akaniambia, "Wewe ndiye unayesoma. Hizi za rangi mbili ni za kuzuia usaha. Nesi kasema zisikosekane." Nawe ukasema, "Basi huyu ndiye karani wangu. Nikipewa dawa na mtu mwingine sinywi." Ulikuwa umezoea shamba la kahawa, ambako debe halikuhesabika limejaa mpaka karani aliandike. Nilifurahi sana, Bibi. Niliona nimepewa cheo.

Nizitaje hizo bahasha, maana nazijua kuliko sura za walimu wangu. Ya kwanza ilikuwa na vidonge vikubwa vyeupe vya maumivu. Nesi aliandika kwa wino: kimoja mara tatu, baada ya chakula. Ya pili, vidonge vyekundu vya kuongeza damu, kwa sababu ulipoteza damu nyingi walipokupasua: kimoja kila siku. Ya tatu, vile vya rangi mbili, nusu nyeusi nusu rangi ya chungwa, vilivyong'aa kama shanga. Hamsini na sita. Hapo nesi aliandika tu: 1 x 4. Hakuandika neno jingine.

Mimi ndiye niliyeliongeza.

Mwalimu wetu wa sayansi alitufundisha kwamba dawa hunywewa baada ya chakula, zisije zikachoma tumbo. Niliiandika daftarini na nikaipigia mstari. Bahasha ya kwanza ilisema hivyo hivyo. Nikaona nesi alikuwa na haraka, amesahau kuliandika kwenye zile mbili nyingine. Basi nikachukua penseli yangu, nikaandika kwenye bahasha ya pili na ya tatu, kwa mwandiko wangu mzuri ule wa mashindano: baada ya chakula. Nikakusomea. Ukasema, "Vizuri."

Ungekuwa mwaka mwingine lisingekuwa neno. Lakini mwaka huu mvua za vuli hazikuja, ghala lilikuwa tupu tangu Februari, na masika ilipokuja ilikuja yote kwa pamoja, ikakata barabara ya kushuka kutoka Ngorongoro. Baba akakwama huko juu na koleo lake na unga wetu wa mwisho wa mwezi. Tulikuwa tunakula mara moja kwa siku. Siku nyingine jioni ilikuwa mboga ya maboga na chumvi. Siku nyingine ilikuwa chumvi tu kwenye maji ya moto, Vero akiambiwa ni supu.

Na wewe ulikuwa unatoa sehemu yako. Usikatae. Nilikuwa nakuona ukimsukumia Vero bakuli na kumwambia, "Maliza, mimi nimenenepa hospitali."

Kila saa ya dawa ilipofika, uliweka kiganja wazi. Kiganja chako kile kikavu, chenye kovu la panga chini ya kidole gumba. Nami nilikuuliza kabla ya kufungua bahasha, "Umekula, Bibi?"

Ukisema hujala, nilisema, "Basi mpaka ule." Nawe ulikifunga kiganja, ukakirudisha chini ya kanga.

Ulinitii. Bibi yangu mzima, uliyetoka Singida kwa miguu ukiwa msichana, uliyewahi kumfukuza mnyapara kwa kikapu, ulinitii mimi mtoto wa darasa la saba kwa sababu nilishika karatasi.

Nilikuwa najitahidi, naomba ulijue hilo. Ule uji wa shule wa saa nne sikuwa naunywa wote. Niliuweka kwenye kopo la mafuta lililooshwa, nikaufunika na daftari, nikakuletea saa ya kutoka. Ukila vijiko vitano, nilikupa kidonge kimoja. Kimoja, Bibi, si vinne. Jumamosi na Jumapili hakukuwa na uji. Na sikukuu ya Pasaka shule ilifungwa siku nne.

Siku ile ya Pasaka Mama Hadija alikuletea kikombe cha maziwa. "Sikukuu ni yenu, ng'ombe ni wangu," alisema. "Kunywa kabla paka wako hajasilimu." Ulikunywa yote. Ukaniwekea kiganja. Nikasimama na bahasha mkononi nikifikiri: je, maziwa ni chakula au ni kinywaji? Nilifikiri kwa bidii kama mtu aliye kwenye mtihani. Nikaamua ni kinywaji.

Ukaniambia, "Nipe tu, Karani. Njaa si ugonjwa."

Nikakujibu, na nakumbuka nilivyosimama wima nikijibu, "Bibi, dawa bila chakula ni sumu. Tumefundishwa."

Ukanitazama kidogo. Halafu ukacheka, ukamgeukia Mama Hadija ukasema, "Umesikia? Huyu atakuja kuwa daktari. Mimi ndiye mgonjwa wake wa kwanza."

Sentensi hiyo nimeibeba tangu Pasaka. Nimejaribu kuiweka chini, siwezi.

Baadaye mguu ulianza kuvimba. Kidonda kilikuwa kinatoa maji tangu hospitali, lakini maji yakageuka rangi, na wewe ukawa unajifunika nisione. Mama Hadija alikuja kila jioni kukukanda goti kwa mafuta ya kondoo aliyoyapasha juu ya kibatari chetu. Nilikuwepo kila mara, nikishika kibatari. Hakugusa kidonda hata siku moja. Alisema, "Hapa pa daktari sipaingilii. Mimi nina goti na kisigino." Akakuimbia nyimbo za Kondoa zenye maneno mabaya, ukamwambia anyamaze mbele ya watoto, kisha ukamwomba arudie.

Na hapo, Bibi, siku nne za mwisho, ulianza kusema umekula.

Nilikuuliza kama kawaida. Ukasema, "Nimekula. Mama Hadija kaniletea uji." Nikakupa. Mchana nikitoka shule nikauliza, "Umekula?" "Nimekula, viazi." Nikakupa. Jioni na usiku nikakupa. Nilifurahi sana. Nikajisemea kwamba njaa imekwisha, sasa dawa zitakwenda sawasawa. Nilikuwa naandika kwenye ukingo wa daftari, moja, mbili, tatu, nne.

Lakini homa ilikuwa imekwisha kupanda. Bwana Tluway, mganga wa zahanati yetu, alikuja akagusa mguu, akaandika barua ya kukupeleka Karatu. Wanaume sita walikubeba kwa machela mpaka barabara kuu, maana hapakuwa na gari la kufika huku kwa tope. Mlipofika kwenye mchongoma, uliwaambia wasimame. Ukaniita. Nilidhani utaniambia nimtunze Vero. Ukasema, "Karani, zitunze hizo zilizobaki. Nikirudi tuendelee."

Hukurudi. Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, walikuja kutuambia.

Nilizitunza, Bibi. Uliniagiza. Nilizitia kwenye kopo lile la uji nikalifukia chini ya mtungi. Thelathini na nne. Kati ya hamsini na sita nilikupa ishirini na mbili tu.

Baba alifika siku ya tatu, baada ya kutembea kutoka barabara ilipokatika, na kaburi lilikuwa limekwisha kufukiwa. Alisimama pale na koti lake la kazi lenye tope. Mama Hadija akamsogelea, akataka kumshika mkono. Mtu mmoja, sitamtaja kwa kuwa hakuwa na nia mbaya, alikuwa amemwambia Baba njiani, "Yule jirani yenu alikuwa akimpaka mafuta ya kondoo." Baba akaurudisha mkono wake nyuma. Akasema mbele ya watu wote, "Umempakaza mama yangu uchafu kwenye kidonda. Nisikuone uani kwangu."

Mama Hadija hakujibu. Yeye, Bibi! Ambaye ana jibu hata kwa radi. Alijifunika kanga kichwani akaondoka kwa njia ya chini, ile ya mbali, ili asipite katikati ya watu.

Na mimi nilikuwepo. Nilijua kuwa hakugusa kidonda. Nilijua kuna kopo chini ya mtungi. Nikanyamaza.

Nikanyamaza Mei yote. Nikanyamaza Juni na Julai. Baba alitukataza tusimwamkie, na watu wakafuata, unajua wanavyofuata. Kisimani wanawake walianza kusogeza ndoo zao akija. Ng'ombe wake alipozaa hakuna aliyekwenda kunywa maziwa ya kwanza. Nilikuwa nikimwona kwa mbali akipalilia peke yake na kusema na jembe lake, na lile neno lenu la siku ya lori likanirudia, la jembe la chuma chako, nikainama nikajifanya nafunga kiatu, na mimi sina viatu.

Lililonivunja ni jambo dogo. Juma lililopita tulikutana kisimani, yeye na mimi tu, hapakuwa na pa kukimbilia. Nilitazama chini nikapita bila kumwamkia. Nilipomfikia ubavuni akasema kwa sauti yake ya siku zote, "Marahaba, mwanangu."

Aliitikia shikamoo ambayo sikumpa.

Nilifika nyumbani ndoo ikiwa nusu. Nikafukua kopo.

Alhamisi, baada ya shule, nilikwenda zahanati. Nilisubiri mpaka watu wakaisha. Nikaweka bahasha mezani kwa Bwana Tluway na kusema, "Hizi ni za Bibi. Zilibaki." Akamimina vidonge kwenye karatasi akavihesabu kwa ncha ya kalamu. Halafu akaigeuza bahasha. Akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Maandishi haya ya penseli ni ya nani?"

"Ni yangu, shikamoo," nikasema. Sijui kwa nini nilimwamkia tena. Nilikuwa nimemwamkia nilipoingia.

Hakucheka. Akasema, "Binti, dawa hizi hunywewa tumbo likiwa tupu. Saa moja kabla ya chakula. Chakula huzipunguzia nguvu."

Tumbo tupu, Bibi. Ndicho kitu pekee tulichokuwa nacho nyumbani kwa wingi.

Sikulia pale. Nilimwuliza kama ni mimi niliyekuua. Nilitamka hivyo hivyo, kwa neno hilo. Alivua miwani yake akaifuta na shati, muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. Akasema, "Siwezi kukwambia ndiyo, na siwezi kukwambia hapana. Angenywa zote, angekuwa na nafasi nzuri zaidi. Lakini wadudu wakifika kwenye chuma hujificha huko, hata dawa kamili hushindwa, na kidonda kilikuwa kinatoa maji tangu kule. Ndiyo maana walimpa nyingi." Kisha akasema, "Na mafuta ya kondoo kwenye goti hayajawahi kuua mtu. Mwambie baba yako. Au nimwambie mimi?"

Nikasema nitamwambia mwenyewe. Vile vidonge akavitupa chooni kwa sababu vilikuwa vimeingia unyevu na kushikamana. Nilimwomba bahasha. Akanipa.

Sasa ya jana jioni.

Nilimpata Baba pale alipotoka baada ya kula, amekaa kwenye gogo anatazama mlima. Nilimpa bahasha, nikakumbuka kwamba hawezi kuisoma, nikamsomea. Nikamweleza kiganja chako. Nikamweleza uji wa kopo na maziwa ya Pasaka. Nikamwambia Mama Hadija hakugusa kidonda, nilishika kibatari mimi. Nilisema yote nikiwa nimesimama, mikono nyuma, kama mbele ya mwalimu mkuu, nikingoja anipige. Nilitamani anipige.

Hakunipiga. Alisogea kwenye gogo akanipa nafasi ya kukaa. Halafu akasema, "Nesi alisema nami pale mlangoni mwa hospitali. Alisema mengi. Alirudia mara mbili. Mimi nilikuwa nasikiliza honi ya lori, nikaogopa litatuacha." Akaishika bahasha kwa mikono miwili. "Labda hili alilisema. Sitajua. Nilisikia usaha, nikasikia zisikosekane. Mengine nilisikia honi."

Tukakaa. Nilikaa karibu naye, bega langu likamgusa, hakusogea.

Mwishowe akainuka, akaingia ndani, akachota unga mpya kwenye bakuli lako la bati lenye ua la bluu. Akauchota mpaka ukafanya kilima. Akaniambia, "Twende." Tukapita njia ya juu, ile fupi, mbele ya macho ya watu waliokuwa bado shambani. Vero akatufuata na fimbo yako. Sikumzuia.

Mama Hadija alikuwa anakamua. Hakuinuka. Alitazama bakuli, akamtazama Baba, akasema, "Umeniletea unga au maneno?"

"Vyote," Baba akasema.

"Anza na maneno. Unga hauozi."

Baba akapiga goti moja kwenye samadi, na suruali yake ile nzuri, akamshika mkono ule aliokuwa ameukataa makaburini. Alisema, "Mama, nilikukosea." Mama Hadija akaendelea kukamua kwa mkono mmoja, na maziwa yakawa yanakwenda pembeni ya kibuyu, nikajua haoni vizuri.

Kisha akasema, "Ninyi watu wa Singida mnachelewa. Mwenzangu angenisamehe kabla ya mvua kuisha." Halafu akalia, Bibi. Alilia kwa sauti, na ng'ombe akaondoka.

Nami nilimweleza yangu. Nilidhani atanitazama vibaya. Alinivuta akanibana kwenye kanga yake yenye harufu ya maziwa na moshi, akasema, "Karani mdogo. Nani alikupa kazi ya mtu mzima?" Nililia hapo, kwa mara ya kwanza tangu machela.

Tulipokuwa tunaondoka nikataka kumshukuru kwa zile siku nne za mwisho. Nikamwambia, "Asante kwa uji ule na viazi ulivyokuwa ukimpelekea Bibi."

Akanishangaa. "Uji gani?" akasema. "Mwanangu, siku zile nilikuwa nikija na mafuta yangu na mdomo wangu tu. Kwangu jiko halikuwashwa siku tatu. Hata ng'ombe alikuwa amekauka."

Nimerudi nyumbani na neno hilo, Bibi, na ndilo lililonifanya niandike.

Kwaheri nitakuaga, maana barua lazima iwe na mwisho, lakini sitakuaga kama siku ya mchongoma, nikiwa nafikiri utarudi. Pumzika na nyonga yako. Hakuna aliyeichimba, na Mama Hadija amesema jembe lake la zamani linamtosha. Mtihani wa darasa la saba umekaribia. Mwalimu anasema naweza kuchaguliwa, na nikichaguliwa nitasomea unesi. Nisipochaguliwa, nitamwomba Bwana Tluway anipe hata kufagia zahanati, nianzie hapo. Nakuahidi hivi, na uniandike kwenye daftari lako huko uliko: sitampa mtu bahasha mkononi nikageuka kumwita mwingine. Nitaandika kila neno, nitamwambia alirudie kwa mdomo wake, na kabla ya hapo nitamwuliza, "Nyumbani kwenu mnakula mara ngapi?" Mpaka anijibu kweli.

Bahasha nimeiweka kwenye Biblia yako. Maneno yangu ya penseli sikuyafuta.

Nina swali moja tu, na nalitakia jibu. Sijui posta ya huko. Nijie ndotoni, au umtumie Vero, yeye huota sana. Zile siku nne uliposema umekula na hukuwa umekula, ukafungua kiganja, nami nikakupa: ulikuwa umejua mwenyewe kwamba nimekosea, ukataka kupona, au uliniona ninavyohangaika na kopo langu ukataka nifurahi tu?

Mjukuu wako na karani wako,
Paulina